Mdogo Yangu Hakuwa na Pepo

Jambo hili ninaliandika na haya, kwani kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2019 mdogo yangu alianguka na pikipiki kwenye njia ya Kolwezi, akipeleka mchimbaji mmoja kariere. Hakuvaa kaske. Alilala lopitalo siku 9 bila kututambua. Siku alipofungua macho na kumwita mama, tuliimba, tukatoa sadaka ya shukrani. Sote tulisema: amepona.

Mguu uliunga, kidonda cha kichwa kilikauka, lakini aliyerudi nyumbani alikuwa kama mtu mwingine. Yule wa zamani alikuwa mpole, mwenye kuchekesha watoto. Huyu aligombana juu ya sahani iliyoanguka. Alisahau mambo ya asubuhi mbele ya saa sita. Makelele kidogo yalimtesa. Alipojaribu tena kazi, alipotea njia katika mtaa alimozaliwa. Bibi yake akafunga mizigo arudi kwa wazazi wake.

Watu walisema: ni pombe. Wengine: amerogwa. Na mimi mchungaji, niliyesoma miaka 4 kwenye shule ya Biblia, nikasema: ni pepo wa hasira. Nilimfungisha siku 3 bila chakula, tukakesha tukimwombea kwa sauti kubwa. Usiku wa tatu alianguka kifafa mbele yetu. Alipopata nguvu akaniambia: "Yaya, mimi sikatale maombi. Lakini munapiga makelele mingi, kichwa inapasuka. Mimi pia nataka kurudia mutu ya zamani, lakini siyue njia."

Maneno hayo yalinichoma. Tulimpeleka kwa munganga wa magonjwa ya kichwa, naye akatueleza vizuri. Ubongo ni laini, fuvu ni gumu. Mtu akianguka kwa mbio, ubongo unagongwa ndani, na nyuzi zake ndogo zinakatika, hata kama fuvu halikupasuka. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayosaidia kuzuia ulimi na hasira. Ikiumia, mtu anakuwa kama gari bila breki. Tena, kukosa usingizi na kukaa na njaa kunaweza kuamsha kifafa. Mimi nilimpa vyote viwili!

Jambo hili si jipya. Mwaka 1848, kule Marekani, Phineas Gage alikuwa kapita wa watu waliopasua miamba kwa baruti ili njia ya reli ipite. Baruti ililipuka, fimbo ya chuma ikapita katika kichwa chake. Aliishi karibu miaka 12 tena, lakini rafiki zake walisema si yule waliyemjua. Mwishoni kifafa kilimwua.

Sasa tunaishi hivi. Dawa ya kifafa anakunywa kila siku, na hatuikatizi hata wakati wa maombi. Tunamtuma jambo moja tu, analiandika kwenye daftari. Hasira ikipanda, bibi yake hajibu, anatoka nje na watoto mpaka ipoe. Kanisani anakaa karibu na mlango. Ngoma zikimzidi anatoka, wala hakuna shemasi wa kumrudisha. Kuna siku nzuri, kuna siku mbaya. Bibi yake anachoka, tusifiche. Kwa hiyo wamama wa kanisa wanapokezana kukaa naye siku ya posho, ili yeye apumzike.

Nilimwomba mdogo yangu musamaha mbele ya jamaa yote. Akacheka: "Musamaha ya nini, yaya?" Alikwisha kusahau. Mimi sijasahau.

Vijana mnaoendesha pikipiki, vaeni kaske na mfunge kamba yake chini ya kidevu. Na abiria pia avae. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske inapunguza hatari ya kufa karibu asilimia 42, na ya kuumia kichwa karibu asilimia 69.

Na ninyi familia, mtu akitoka lopitalo na tabia ngeni, msiulize kwanza alifanya dhambi gani. Ulizeni kichwa chake kiligongwa namna gani, mpelekeni kwa munganga, kisha mwombeeni kwa sauti ya polepole.