Hapo Ulisimama Wapi?

Kwa karibu mwaka mzima nilimjibu mdogo wangu kwa kimoto. Yeye ananitumia picha WhatsApp, mimi namrushia alama ya moto, siku nyingine mbili, na nikiwa na nafasi naongeza neno: "Kali sana." Kisha narudi kwenye habari zangu. Picha nilikuwa naziona, lakini sikuwa naziangalia.

Ni mtoto wa mama mdogo, kwa hiyo kwetu ni mdogo wangu tu, hakuna cha binamu. Anaendesha bodaboda Bagamoyo. Asubuhi, kabla abiria hawajachangamka, hushuka ufukweni kwenye soko la samaki, ambako mama yake hununua samaki mnadani akawakaange na kuwauza. Simu yake ilikuwa ya bei ya chini, kioo kina ufa kutoka kona hadi kona. Hiyo ndiyo ilikuwa kamera yake, na ndiyo ilikuwa riziki yake pia, maana wateja wake wa kudumu humpigia wakitaka kufuatwa.

Siku moja akaniandikia: "Dada, mimi sitaki kimoto. Wewe umesomea haya mambo. Niambie ukweli."

Nikiri kwamba nilifurahi. Nimesoma uandishi wa habari chuo kikuu na nimekaa chumba cha habari zaidi ya miaka kumi, nikiandika maneno ya chini ya picha za watu wengine. Mpigapicha mimi si. Lakini mtu anayekuamini akikuomba ukweli, kuna kautamu fulani. Wanaosomeana miswada humu watanielewa. Ghafla unajiona hakimu, na kalamu nyekundu inakuwasha mkononi.

Nikachukua picha zake kumi za mwisho nikamshushia orodha. Mstari wa bahari umelala, maji yanataka kumwagika. Mlingoti umemwota mvuvi kichwani. Mama huyu umemkata miguu kwenye vifundo, bora ungemkata kiunoni au umwache mzima. Kidole chako kipo konani. Usivute kwa zumu ya simu, sogea kwa miguu, zumu inaigeuza picha vumbi. Sura za watu ni nyeusi, hazionekani. Na mwisho, kwa herufi kubwa: USIPIGE PICHA UKILITAZAMA JUA.

Hakuna kitu kwenye orodha ile ambacho hutakikuta katika somo la kwanza la upigaji picha. Ndiyo maana nilichelewa sana kuona ubaya wake.

Alijibu jambo moja tu. "Kuhusu sura nyeusi, dada, si sisi ndio weusi?" Akaweka kicheko. Nami nikacheka, tukaishia hapo.

Swali lile lilihitaji jibu, na jibu nilikuwa nalo. Kamera haijui inamtazama nani. Inapima mwanga wa kila kitu kilicho mbele yake, inatafuta wastani, na kuuweka wastani huo karibu na kijivu cha katikati. Mweke mtu mbele ya anga inayong'aa na bahari inayometameta, kamera itaona mwanga umezidi, itaupunguza wote, na uso wa mtu utazama gizani. Hata Mzungu ungemzamisha hivyohivyo, ila wetu huzama haraka zaidi. Dawa yake haichukui hata sekunde tatu: gusa uso kwenye kioo, kaduara kakitokea pandisha mwanga kidogo, ndipo upige. Ningeweza hata kumwambia kwamba zamani maabara nyingi za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na ngozi kama zetu zikawa zinatoka kama lami. Yaani alikuwa amegusa jambo kubwa kuliko alivyodhani. Mimi nikamwachia aamini kwamba kosa ni lake, au ni la ngozi ya mama yake.

La jua ndilo lilileta balaa.

Anayeijua Bagamoyo keshaona. Asubuhi jua linatoka baharini. Mashua na ngalawa zinatoka baharini. Ukisimama mchangani kupiga picha ya samaki wanaoshushwa, jua liko machoni pako, utake usitake. Kumwambia mtu wa pwani hii asilitazame jua asubuhi ni kumwambia aipe bahari mgongo, au asubiri alasiri, wakati samaki wameshauzwa, wameshaliwa. Sikuyafikiria hayo. Nilikuwa nimekaa Dar es Salaam chini ya feni, nikiandika kanuni.

Yeye aliifikiria kanuni yangu kuliko mimi. Akaona kuna sehemu moja tu ambayo mtu anaweza kusimama na jua likawa mgongoni kwake.

Saa nne asubuhi mama mdogo akanipigia. Huwa hapigi saa hizo, saa hizo yuko kwenye karai. "Mwanangu, umemwambia nini mwenzio? Kaingia baharini na simu. Maji ya kifua! Anasema dada yake kamwambia asimame upande wa jua. Wimbi limempiga, simu ndiyo hiyo, tumeitia kwenye mchele."

Mchele haukusaidia. Maji ya chumvi hayana huruma na simu.

Nikafungua WhatsApp. Kulikuwa na picha yake ya saa moja na nusu, ameituma akiwa bado majini. Na chini yake lilikuwepo jibu langu la saa mbili, nililolituma kikaoni huku mhariri anagawa kazi. Kimoto.

Sasa nikaiangalia. Nimeona picha nyingi za soko lile, zikiwemo za wapigapicha wanaolipwa, na zote zimepigwa kutoka nchi kavu: tanga, ngalawa, mvuvi anakuja na kapu. Hii ilikuwa imepigwa kutoka upande wa mvuvi. Kina mama wamejipanga ukingoni, maji yamewafika magotini, khanga zimekunjwa, mabeseni kiunoni na kichwani, wote wanatazama huku, na jua la asubuhi limewaangukia usoni moja kwa moja. Unaona hesabu machoni mwao: leo kapu litakuwa shilingi ngapi. Mmoja ameziba jua kwa kiganja. Mwingine anamsukuma mwenzake kwa kiwiko. Mstari wa nyuma ulikuwa umelala, ndiyo. Tone la maji lilikuwa limekaa kwenye lenzi na kuwafuta watu wawili wa kulia. Sikujali hata kidogo.

Wiki tatu hakuwa na simu. Wateja wake wawili wa kudumu walihamia kwa wenzake wa kijiweni, na sijui kama wamerudi, sijathubutu kuuliza. Nilimtumia simu yangu ya zamani kwa mtu aliyekuwa anakwenda huko, na mama mdogo akanishukuru kwa dua ndefu, kana kwamba nimefanya hisani. Nilikaa na zile dua kwa aibu.

Katika wiki zile nilimkumbuka mzee mmoja, mhariri wa picha wa gazeti nililoanzia kazi. Alikuwa amebakiwa na vipande viwili vya kadibodi vyenye umbo la L, vya enzi za filamu, na hata zama za kompyuta alikuwa anaviegesha juu ya kioo, anavisogeza, anaikata picha huku na kule, kimya. Vijana wa mafunzo tulimwogopa kwa ule ukimya. Hakuwahi kusema nzuri wala mbaya. Aliuliza maswali mawili. La kwanza: "Wewe ulikuwa unaangalia nini?" Si picha ina nini, wewe, pale ulipokuwa, jicho lako lilikuwa wapi. Ukijibu, anazungushia vile vipande kitu ulichokitaja, na mara nyingi tulikuta kimekaa konani, kidogo kama njugu, na sehemu kubwa ya picha ni vitu ambavyo hata hatukukumbuka kuviona. La pili: "Hapo ulisimama wapi?" Basi. Ulikuwa unajihukumu mwenyewe na kesho yake unasimama pengine.

Wakati ule nilidhani mzee ni mvivu wa kufundisha. Leo naona alikuwa anakataa kupiga picha kwa niaba yetu. Orodha yangu ilifanya hasa hilo: ilikuwa inaondoa picha za mdogo wangu na kuweka ambazo ningepiga mimi, nisiyepiga picha. Na kimoto nacho, kwa upande wake, kilikuwa njia ya kumwambia asinisumbue. Nilikuwa natoka kwenye uvivu nikarukia kwenye ubabe, na katika vyote viwili sikuwahi kumuuliza anataka kuonyesha nini.

Simu ilipofika akatuma picha ya mtihani, ya pikipiki yake. Sikuweka kimoto. Nikampigia, nikaomba radhi kwa habari ya jua, naye akacheka sana, akasema wavuvi sasa wanamwita Kamba. Kisha nikampa lile somo la kugusa uso kwenye kioo, kwa sababu kuna vitu havihitaji falsafa, vinahitaji tu mtu akuambie. Jioni akatuma picha ya mama yake kwenye karai, uso umetoka, hata jasho linaonekana. Chini ameandika: "Kumbe!"

Siku hizi tunazungumza kwa simu, kwa kawaida usiku, kila mmoja ana picha mbele yake. Namuuliza yale maswali mawili, mara nyingine naongeza la kwangu. Hatukubaliani kila mara. Juzi alituma mnada: mikono mingi hewani, dalali katikati na pweza begani. Picha imejaa uhai, ila upande wa kushoto kuna ndoo ya bluu, tupu, imekaa peke yake mchangani, inalivuta jicho kila ukitaka kumtazama dalali. Nilitafuta namna ya kulisema. Mwishowe nikauliza tu, "Ile ndoo ya kushoto unaionaje? Ukiikata, macho yote si yatakwenda kwa dalali?"

Akakaa kimya kidogo. Nikasikia pikipiki inapita upande wake.

"Dada, ile ndoo ya mama," akasema. "Bei ilimshinda siku ile. Mimi nilikuwa naangalia ndoo."

Nikairudia picha. Nikamwambia basi kesho asogee kushoto.