Kompyuta ya Mama Mkwe Imepata Kasha Dogo

Najua wengi mnasubiri pishi la sato wa nazi nililowaahidi. Litakuja, inshallah. Leo nina habari ya kompyuta, na nyinyi mnaonijua kwa mapishi na mitindo ya madera msicheke kwanza.

Mimi mtu wa Unguja, nimeolewa Bukoba. Mama mkwe wangu alikuwa akikaa Kamachumu, wilaya ya Muleba, nyumbani kwake, migomba imezunguka pande zote. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipasua ukuta wa chumba chake. Ukazibwa, ukapasuka tena, ukazibwa. Mwaka huu watoto wakakubaliana ahamie kwetu Kashai. Kwetu ni vyumba vitatu, na chumba alichopata kinaingia kitanda, kabati na meza moja ya mwanafunzi. Basi.

Vyombo aligawa, magodoro aligawa, hata kinu. Kompyuta hakuigawa.

Mashallah, hiyo kompyuta! Mnara wa chuma wenye kimo cha kunifika juu ya goti, rangi ya maziwa yaliyokaa, skrini yake nzito kama gunia la sukari. Ni ya kizazi cha 486, ya katikati ya miaka ya tisini. Mama alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya Muleba, na ofisi ilipopata mashine mpya akauziwa ile kuukuu. Kwa umri wake ni jambo kubwa: mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni Tanzania Bara, wakati Unguja tulikuwa tunaangalia televisheni ya rangi (nawatania mawifi zangu kwa hili kila nikipata nafasi). Wapiga chapa wa rika lake walizeekea kwenye taipureta. Yeye alivuka.

Na anaitumia. Ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha akina mama wa kwao, na orodha ya wanachama, michango na misiba iko humo, kwenye programu ya WordPerfect 5.1, ile ya maandishi meupe juu ya samawati.

Mawifi walitaka iuzwe kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mume wangu alitaka kumnunulia mama laptop. Mtanuliza na nyinyi: kwa nini msihamishe mafaili tu? Tulihamisha, siku ya kwanza kabisa. Diski ilitolewa, ikaunganishwa kwenye kompyuta ya kisasa, kila kitu kikanakiliwa, na mafaili yanafunguka. Lakini macho ya mama yamefifia. Kibodi haioni, ila vidole vinajua: F10 kuhifadhi, Shift na F7 kuchapa. Umpe laptop, umemstaafisha ukatibu. Hakuna aliyelisema hivyo pale sebuleni, lakini ndilo lililokuwa linaamuliwa. Mama mwenyewe alisema neno moja tu: "Itapunguzwa?"

Mimi ni mshonaji. Neno kupunguza nalijua. Nikachukua futi yangu ya cherehani na bisibisi, nikamwita fundi wa redio wa sokoni, kijana mpole asiyependa haraka, tukaufungua mnara. Shoga zangu, ndani mlikuwa na hewa! Hewa, vumbi na mjusi mkavu. Kompyuta yenyewe ni bodi moja, ile ambayo mafundi huiita mazabodi, na tulipoipima ilikuwa sentimita 22 kwa 26. Juu yake kadi mbili zimesimama, moja ya skrini, moja ya diski na printa.

Tofauti na gauni ni hii: bodi haipunguzwi. Hata ile pembe inayoonekana tupu ina njia nyembamba za shaba, nyingine katikati ya tabaka zake, usikoziona. Ukikata, umeua. Kinachokatwa ni kasha.

Fundi alileta kasha dogo la kompyuta iliyokufa, la kuingia chini ya meza ya mwanafunzi bila kugusa magoti. Shida yake, makasha hayo yametengenezwa kwa bodi ya mraba isiyozidi sentimita 24 na nusu. Mwaka 1995 kampuni ya Intel ilileta umbo jipya la bodi linaloitwa ATX, na makasha yakafuata umbo hilo na ndugu zake wadogo. Bodi ya mama ni ya umbo la kabla ya hapo. Kwa bahati nzuri, nafasi za kadi kule nyuma hazikuhama sana, na tundu la mviringo la kibodi liliangukia penye uwazi. Lakini kwa mbele bodi iligonga fremu ya diski, kwa kama sentimita moja na nusu. Fundi akatoboa ribiti za fremu kwa drili, akaing'oa yote, diski akailaza chini.

Matundu ya skrubu yalilingana machache. Kwingine fundi alichukua miguu ya plastiki ya kasha la zamani, akaikata vichwa vya chini ikawa bapa, bodi ikasimama juu yake kama meza, isiguse chuma. Ikigusa chuma ni shoti, na hakuna bodi tena.

Kazi iliyochukua muda ni betri. Bodi za wakati ule zina betri ya duara ndefu iliyochomelewa, na ikizeeka huvuja maji yanayokula shaba. Yetu ilikuwa imeanza kutoa ukungu wa kijani. Fundi aliikata, akasugua pale kwa siki na mswaki, akasafisha, akaacha ikauke siku nzima. Badala yake akaweka kibebeo cha betri tatu ndogo kwa waya, mbali na bodi, ili zikivuja zivuje peke yao.

Kama una mashine ya aina hii, mambo mawili mwachie fundi. Umeme unaingia kwenye bodi kwa plagi mbili zilizo pacha, na nyaya nyeusi za zote mbili lazima zikutane katikati, ukizigeuza unaunguza. Pili, swichi ya mbele si kitufe cha mchezo kama cha kompyuta za leo. Umeme wa ukutani wenyewe, volti 230, unakuja mpaka pale. Yetu ilitobolewa nafasi yake na kuvikwa mpira kila kiungo.

Wiki nzima mama hakuingia sebuleni tulipokuwa tukifanya kazi. Alikaa uani akitafuna kahawa, mara moja tu akauliza kama kile cha kijani bado ni kizima.

Alhamisi jioni tukaiwasha. Ikahesabu kumbukumbu yake polepole, ikauliza tarehe, kisha samawati. Mama akaketi. Hakuangalia kasha hata kidogo. Akapapasa kibodi, akaifungua orodha, akanitaka nimsomee majina kwa sauti. Wawili akawafuta, akinyamaza kidogo kwa kila mmoja. Halafu akashuka mpaka mwisho wa orodha, mahali patupu, akaniuliza jina la baba yangu linaandikwa kwa "kh" au kwa "h" tupu.