Uadilifu wa leo ni akiba ya wajukuu

MSOMAJI mpenzi, bila shaka umewahi kuhudhuria mazishi na kusikiliza wasifu wa marehemu ukisomwa. Aghalabu hutajwa shule alizosomea, vyeo alivyoshika, ploti alizonunua na watoto aliowaacha. Ni nadra kuambiwa yale ambayo marehemu alikataa kuyafanya. Nami nasema bila kutafuna maneno kwamba mambo waliyoyakataa wazee wetu ndiyo yanayotulisha wengi wetu hadi leo.

Hebu nikupe mfano wa nyumbani kwetu. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa yaya katika nyumba ya mlowezi mmoja karibu na Thika. Mwishoni mwa miaka ya 1940 aliokoka. Huo ulikuwa wakati wa Uamsho, ule uliochipuka Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930 na kuingia Kenya mwaka 1937. Walioguswa waliitana ndugu, wakaimba Tukutendereza na kuungama dhambi zao hadharani. Lakini kilichowashangaza majirani ni kwamba hawakuishia kwenye maneno. Aliyeiba jembe alilirudisha, na mwenye deni alilipa. Walikuwa wameisoma habari ya Zakayo, yule mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne mali aliyowanyang'anya watu, nao wakaona iliandikwa kwa ajili yao.

Nyanya alikuwa amechukua shuka mbili katika nyumba ile ya mlowezi. Akazifua, akazipiga pasi, akazikunja na kumpelekea mwenyewe. Bwana yule alimsikiliza, akapokea shuka zake, kisha akamfuta kazi siku iyo hiyo. Babu alighadhibika mno. "Huyo Mungu wako hangengoja hadi tarehe thelathini?" alimwuliza. Kijijini nako walimbandika jina la Mama Shuka. Lilikuwa jina la kejeli, na watoto walimwitia njiani huku wakicheka.

Nyanya alifariki mwaka 1968 akiwa bado kibarua wa kuchuma kahawa. Miaka mitatu baadaye, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kikitafuta karani wa kuwalipa wakulima, baada ya yule wa kwanza kutoroka na pesa zao. Waombaji walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa wamesoma kuliko mama yangu. Mzee mmoja akasimama mkutanini na kusema: "Mpeni kazi binti ya Mama Shuka. Hao hawali cha mtu." Mshahara wa kazi hiyo ndio ulionilipia karo. Kwa hivyo, msomaji, kama makala haya yana maana yoyote kwako, yashukuru mashuka mawili ya mlowezi ambayo nyanya yangu alikataa kuyalalia.

Mtume Paulo alipomwandikia kijana Timotheo kuhusu imani yake, alimkumbusha kwamba imani hiyo ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi, kisha ndani ya mama yake Eunike. Hakumsifu kijana kama mti ulioota wenyewe jangwani. Alirudi nyuma vizazi viwili akautafuta mzizi.

Hata hivyo, tusidanganyane. Ni rahisi kusimulia habari za nyanya kana kwamba wema ni biashara, kwamba ukiweka shuka leo Mungu atakupa kazi kesho. La hasha! Nyanya alikufa bila kuona faida yoyote. Tena gharama hakuilipa peke yake. Mama alinieleza jinsi yeye na ndugu zake walivyolala njaa mara kadhaa mwaka ule. Hapo ndipo pagumu, msomaji. Uadilifu wa mzazi huanza kwa kumwuma mtoto kabla ya kumfaa mjukuu.

Nililielewa jambo hilo vyema mwaka 2022, binti yangu alipokuwa mtahiniwa wa KCSE. Wiki mbili kabla ya mitihani kupamba moto, mzazi mwenzangu alinipigia simu. Wazazi kadhaa, alisema, walikuwa wakichanga shilingi 3,000 kila mmoja "za kuwasaidia watoto." Sikuhitaji kufafanuliwa zaidi. Huyu ni mtu ninayeimba naye kwaya. Nilipokataa, aliniambia kwa upole: "Dada, kila mtu anafanya hivyo. Mbona umbebeshe mtoto wako msalaba peke yake?"

Swali hilo lilininyima usingizi kwa sababu halikuwa la kipumbavu. Ningekataa mimi, lakini angeumia yeye. Nilimweleza binti yangu usiku uo huo ili asije akayasikia kwa wengine. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Na nikianguka?" Nikamjibu kwamba akianguka, ataanguka na alama zake mwenyewe, nasi tutaanzia hapo.

Alipata C, nawe wajua kwamba anayetaka kusomea digrii moja kwa moja hutakiwa kuwa na C+. Wenzake wawili ambao wazazi wao walichanga walienda chuo kikuu. Karibu wiki nzima hakunisemesha ila salamu. Leo anajifunza ufundi wa umeme katika chuo cha kiufundi, na sitakudanganya kwamba hajutii kamwe. Lakini jioni moja alirudi kutoka mafunzoni amenuna. Fundi aliyemsimamia alimtaka aandike mita nyingi za waya kuliko zilizotumika, naye akakataa, na kwa kukataa akanyimwa nauli. Alikuwa ametembea hadi nyumbani. Nilimpakulia chakula wala sikumwuliza alijifunza wapi ukaidi huo.

Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE walifutiwa matokeo kwa sababu ya udanganyifu. Tuliwalaumu watoto na kuilaumu serikali. Lakini karatasi ya mtihani haijileti yenyewe mkononi mwa mtoto. Kuna mtu mzima aliyeiuza, na mara nyingi kuna mtu mzima mwingine aliyetoa pesa, pengine siku ya Jumatatu baada ya kutoa fungu la kumi Jumapili.

Na masomo haya huanza mapema, mtoto akiwa bado mdogo. Ni pale unapomwambia, "Mwambie konda una miaka mitano." Ni pale anapobisha mwenye nyumba, nawe ukamnong'oneza mtoto aseme baba hayuko. Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Kanisani anakutazama uso, lakini katika matatu, dukani na mlangoni anakifuata kisogo chako.

Basi anza na madogo. Ukizidishiwa chenji, mpe mtoto airudishe yeye mwenyewe. Lipa deni la dukani akikuona. Ukimkosea, mwombe msamaha, maana asiyewahi kuombwa msamaha atajulia wapi kuuomba? Na unapowasimulia wanao habari za wazee wao, usiwape ushindi tu. Waambie pia juu ya njaa, kejeli na kazi iliyopotea, ili siku yao ikifika wasidhani kwamba Mungu amewaacha.

Siku moja wasifu wako pia utasomwa. Ploti zitatajwa, na vyeti vitatajwa. Je, kuna lolote ulilolikataa mwaka huu ambalo mjukuu usiyemjua atakuja kulishukuru?