Kijiji Kilihama na Jina Lake: Mdada wa Sinza Alivyosaka Kwao Shinyanga Kwenye Ramani

Muulize mtoto wa mjini "kwenu wapi?" halafu usikilize. "Kwetu Shinyanga." Shinyanga ipi? "Kule ndani ndani bwana, unashukia Tinde." Habari imeishia hapo.

Mdada mmoja wa Sinza, miaka 27, kazi yake kutengeneza mabango ya shoo na kava za nyimbo, alikuwa hivyo hivyo mpaka bibi yake mzaa baba alipoletwa Dar kutibiwa miguu. Bibi na mjukuu wanaitana "mke mwenza", na wake wenza hao wakilala chumba kimoja ni umbea mpaka saa saba usiku. Usiku mmoja umbea ukageuka. Bibi akasema kabla ya hao watoto sita anaojulikana nao kulikuwa na wa kwanza, wa kiume, aliyefariki hajatimiza mwaka. Alizikwa nyumbani, karibu na ua wa minyaa. Siyo nyumbani pale kijijini panapojulikana na kila mtu. Nyumbani kwa zamani, "kabla hatujahamishwa". Hakutaka kaburi lijengewe wala nini. Alitaka kupaona tu kabla miguu haijagoma moja kwa moja.

Mdada akaona hiyo ishu ndogo. Ramani za zamani si zipo mtandaoni? Unaingia, unatafuta jina la kijiji, unailaza ramani juu ya Google Earth, mchezo umeisha.

Haukuisha. Na kilichouzuia usiishe kinawagusa watu wengi wa Kanda ya Ziwa kuliko wanavyojua.

Alianza na ya Mjerumani. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia Wajerumani walichora koloni lao kwa vipande vipande, kipimo cha 1 kwa 300,000, vikachapishwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Leo vimeskaniwa, unaviona bure. Vimechorwa vizuri mpaka raha. Ila kuna tahajia: Mwanza imeandikwa Muansa, Usukuma ni Ussukuma, na "sh" inakaa kama "sch". Usipojua hilo utatafuta mpaka bando liishe. Halafu kuna tatizo kubwa zaidi. Maofisa wale walipima wakiwa safarini, kwa dira na saa, wakiandika majina ya sehemu walizopita na zile walizoonyeshwa. Kwa hiyo majina yamejipanga kwenye njia za misafara kama shanga kwenye uzi, na pembeni kunabaki weupe mtupu. Mdada alipokuta kwao pameachwa weupe alituma skrini kwenye group la WhatsApp la ukoo: "Kumbe hatukuwepo." Shangazi mmoja akamjibu: "Mzungu ndo hakuwepo."

Reli nayo haimo, maana njia ya Tabora kwenda Mwanza ilikamilika 1928, enzi za Mwingereza. Hata mji wa Shinyanga wenyewe siyo wa kuuamini sana kwenye ramani za zamani. Kata ya Old Shinyanga ipo mpaka leo na jina linajieleza.

Akahamia kwenye ramani ya Mwingereza, zile karatasi za 1 kwa 50,000 zilizotengenezwa kutokana na picha zilizopigwa kwa ndege. Hizi unazipata idara ya upimaji na ramani, Wizara ya Ardhi. Sentimita mbili ni kilomita moja. Humo kuna visima, majosho, shule, vilima vya mawe, njia za miguu, na vidoti vidogo vidogo vya nyumba. Alinunua ile inayochukua upande wa kwao, iliyopigwa picha kabla ya 1974, na safari hii jina la kijiji akalikuta. Ila lilikuwa kilomita kama sita kutoka kijiji kilipo leo, porini, mbali na barabara.

Hapo ndipo alipoelewa neno "kuhamishwa" ambalo wazee hulisema haraka haraka kama vile ni kuhama nyumba ya kupanga.

Novemba 1973 Nyerere alitangaza kwamba kufika mwisho wa 1976 kuishi kwenye vijiji vya ujamaa liwe jambo la lazima. 1974 ikaja Operesheni Shinyanga. Wasukuma kabla ya hapo hawakuwa na vijiji vya nyumba kubanana. Kila mji ulikaa peke yake, ua wa minyaa kuzunguka, mashamba pembeni, ng'ombe zizini, jirani unamwona kwa moshi. Malori yakaja, watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara. Kuna sehemu nyumba zilibomolewa ili mtu asipate wazo la kurudi usiku. Walioletwa sehemu moja walitoka miji tofauti tofauti, na kijiji kipya kikapewa jina moja kati ya mengi. Mengine yakafa.

Na majina yenyewe yalikuwa ya watu. Ukiona Mwalukwa, Mwantini, Mwakitolyo, ile "Mwa" ya mwanzo ni kama kusema "kwa fulani". Fikiria mtaa mzima unaitwa jina la babu wa mtu. Ukiuhamisha bila watu wake jina linabaki halina mwenyewe, na ukiwahamisha watu bila jina, baada ya miaka hamsini mjukuu anasema "kule ndani ndani".

Mbaya zaidi, mji wa bibi haukuwa hata ule wenye jina kwenye ramani. Ulikuwa mdogo, wa pembeni, mmoja wa vile vidoti. Vidoti vipi? Kwenye karatasi moja viko mamia. Bibi hajui kusoma ramani, na kaskazini kwake haina kazi. Yeye anajua kutembea: unatoka asubuhi jua liko usoni, unashuka mbugani, unavuka mto, mawe makubwa yanabaki mkono wa kulia, unafika joshoni.

Hapa kazi ya mabango ikamsaidia mdada kuliko shahada yake. Aliikuza ramani mara nne, akaiprinti kwenye turubai lile lile la mabango ya shoo, akalitandika sebuleni, makochi yakatolewa nje. Bibi akakaa kwenye kiti na mkongojo wake. Mjukuu akamwonyesha josho. Bibi akaweka ncha ya mkongojo pale na kuanza kurudi nyumbani, kinyumenyume, taratibu, akitaja nani alikaa wapi. Huyu alikuwa na ng'ombe wengi. Huyu mke wake alikuwa mchawi (alisemwa tu, hakuna aliyethibitisha). Mkongojo ukavuka mto, ukapandisha, ukasimama kwenye vidoti vitatu. Bibi hakusema kitu kwa muda mrefu.

Jioni hiyo hiyo, kwa wake wenza hao, fumbo lingine likafunguka. Ukoo una tawi Geita, na kwenye group wanataniwa kila siku kwamba babu yao alikimbilia dhahabu. Ni utani unaokubalika: mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi toka miaka ya 1930 mpaka ukafungwa 1966, na huu mkubwa wa sasa ulianza 2000. Lakini bibi anakumbuka shemeji yake aliondoka na ng'ombe, siyo na sururu. Baada ya Vita vya Pili Mwingereza alikuwa na mradi wa kuendeleza Usukuma, akiona katikati kumejaa watu na mifugo, na Geita ilikuwa moja ya sehemu watu walikosogezwa kwenda kufungua mapori ya mbung'o. Nchi yenyewe ni ya Wazinza, hilo lisisahaulike. Kwa hiyo wale wa Geita walifuata majani. Dhahabu iliwakuta huko. Utani kwenye group umepungua makali, ingawa haujaisha.

Anayetaka kufuatilia upande huo ajiandae na mipaka. Mkoa wa Geita umezaliwa 2012 tu. Geita na Nyang'hwale zilitoka Mwanza, Bukombe na Mbogwe Shinyanga, Chato Kagera. Ukienda kwenye nyaraka za zamani kuulizia mkoa wa Geita utaambiwa haupo, na ni kweli. Uliza Jimbo la Ziwa.

Turudi Tinde. Mdada alitangulia peke yake kwanza, kabla ya kumbeba bibi. Akatoa namba za vidoti vile kwenye ramani, akaziweka kwenye simu, bodaboda akamfikisha katikati ya jaruba la mpunga. Hakuna mnyaa, hakuna kilima, maji mpaka kwenye kifundo. Ilibidi apande sehemu yenye mtandao ndipo aelewe: ramani zile zilipimwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, simu zinatumia WGS 84, na tofauti ya hiyo mifumo miwili Tanzania ni karibu mita 300. Hakuna anayekwambia hilo. Mita 300 kwenye ramani ni nusu sentimita na ushee. Kwenye maisha ni kati ya jaruba la mtu na kaburi la mtoto.

Akiwa anajirekebisha, watu walishaanza kukusanyika. Na ukanda ule, mgeni mwenye simu mkononi, anatazama ardhi, anatembea hatua tano, anatazama tena, ana maana moja tu. Kijana mmoja akamuuliza wazi wazi: "Dada, leseni ya nani hii?" Wameona mengi. Mtu anakuja na ramani leo, baada ya miezi kuna rushi, kuna maduara, kuna makarasha yanaunguruma usiku, na mwenye shamba yuko pembeni anauza maji ya kunywa. Mdada akasema anatafuta kaburi. Hawakumwamini mpaka alipotaja jina la babu yake na la yule mwenye ng'ombe wengi. Mzee mmoja, mwenye shamba, akasogea. Mdada akamwamkia "mwadila baba", kile Kisukuma chake cha Sinza. Mzee akacheka kwanza, halafu akamwambia amfuate.

Ua umekufa sehemu kubwa lakini minyaa minne imebaki, imekuwa miti kabisa. Chini yake pana kipande kisicholimwa. Mzee alisema walipopewa shamba hilo walikuta mawe yamepangwa, wakaelewa, wakapazunguka na jembe miaka yote. Mdada akamuuliza, nyie mlipewa lini? Mwaka ule ule wa 1974. Kwani kwao siyo hapa. Na wao walishushwa na lori.

Sasa habari ikafika kwenye group, na baba mdogo akaamka. Baba mdogo siyo mtu mbaya. Anaishi Kahama, ana vijana wanne wasio na shamba, na viwanja Kahama vimepanda kama nauli ya sikukuu. Akaandika kwa herufi kubwa kwamba HIYO NI MALI YA BABA, ramani ya serikali inaonyesha nyumba yetu, ushahidi gani mwingine unatakiwa? Wengine wakaweka ngumi na moto. Mmoja akajitolea mwanasheria.

Mwanasheria huyo, ni binamu, ndiye aliyeharibu sherehe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, inasema ardhi iliyogawiwa watu vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977 ugawaji wake ni halali, na haki za waliokuwepo kabla zimefutwa. Kwa hiyo vidoti vitatu vinathibitisha nyumba ilikuwepo. Havirudishi hata robo eka. Unaweza kuiona sheria hiyo ni ya kikatili, na kwa aliyelala chini ya mti 1974 akitazama nyumba yake ikibomolewa ni ya kikatili kweli. Lakini ifute leo uone: nusu ya Shinyanga itaamka na ramani mkononi ikidai nusu nyingine, na yule mzee wa jaruba atalazimika kwenda kumdai mtu mwingine, naye amdai mwingine.

Baba mdogo hakuridhika. Alitaka apewe location, "nikaongee naye kiume".

Bibi alipelekwa mwezi wa sita, mbuga zikiwa zimekauka na gari linapita. Alikaa chini ya minyaa karibu saa nzima. Mke wa yule mzee alileta kiti na uji, wakaongea Kisukuma cha haraka ambacho mjukuu alikamata nusu. Kuna wakati walicheka sana. Kuna wakati bibi alipapasa mawe, akahesabu, akahesabu tena. Baadaye kwenye gari alisema jina la mtoto. Kumbe ni jina alilompa baba mdogo alipozaliwa miaka mitatu mbele, na baba mdogo mwenyewe alikuwa hajui.

Picha ya bibi chini ya mnyaa ilitumwa kwenye group usiku, baada ya mdada kufuta taarifa za mahali ilipopigwa. Baba mdogo aliambiwa habari ya jina kwa simu, na bibi mwenyewe. Toka hapo hajaandika tena habari ya shamba, ila asubuhi iliyofuata aliandika neno moja, "Location?", na hajajibiwa.

Yule mzee naye ana namba ya mdada. Alipiga wiki mbili baadaye, akaelezea kilima, mto unaopinda, na shule ya misheni, akaomba atafutiwe kwao. Mdada alipopima, pakaangukia nje ya turubai, kwenye karatasi ya jirani. Ameshaenda kuinunua.