Miaka Sita ya Darasa Moja

Bulengera ni komini moja ya mji wa Butembo, katika Kivu ya Kaskazini. Komini nyingine ni tatu: Kimemi, Mususa na Vulamba. Nchi ile ni ya vilima, na juu ya vilima imesimama mikaratusi mingi. Asubuhi kuna baridi, ijapokuwa mstari wa ikweta unapita karibu, kwa sababu mji umejengwa mahali pa juu. Mvua ikinyesha, udongo mwekundu hushika viatu, na mtoto hufika shuleni miguu ikiwa mizito kuliko alivyotoka nyumbani.

Katika komini hiyo, mwaka wa 2025, watoto wa darasa moja walikuwa wanamaliza mwaka wa sita. Siku chache kabla ya mtihani wa taifa, mwalimu wao aliwapa kazi. Aliwaambia: «Andikeni pamoja habari ya miaka yenu sita. Karatasi hiyo itabaki hapa, wadogo zenu waisome. Lakini andikeni yaliyo kweli tu.» Watoto walifurahi. Walidhani kwamba kazi ile ni nyepesi. Kumbe sivyo.

Walianza na mwezi wa tisa wa mwaka 2019. Hapo ndipo walipoingia mwaka wa kwanza. Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imekwisha kusema kwamba masomo ya msingi katika shule za umma ni ya bure. Hata hivyo wazazi waliendelea kutoa fedha kwa ajili ya walimu, na mtoto asiyelipiwa alifukuzwa. Mwezi ule wa tisa serikali ilianza kulitimiza neno la Katiba, na shule za misioni zilizopatana na serikali zilifuata. Basi watoto walikuja kwa wingi. Benchi la watoto watatu lilikaliwa na watano. Mwenye kuandika alingoja jirani yake aondoe kiwiko.

Mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa Ebola. Ugonjwa huo ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa nane 2018, ukaenea katika nchi za Beni, Butembo na Ituri. Butembo iliumia sana. Mlangoni pa shule iliwekwa ndoo ya maji yenye klori. Kila mtoto alinawa, kisha alipimwa joto kwenye paji la uso. Kupeana mikono kulikatazwa. Watoto waliamkiana kwa viwiko, wakacheka, lakini wazazi wao hawakucheka.

Watu wengi hawakusadiki kwamba ugonjwa upo. Walisema ni uongo wa watu wanaotafuta fedha. Mwezi wa pili 2019 vituo vya kuwauguza wagonjwa vilishambuliwa, na mwezi wa nne daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kameruni, aliuawa hospitalini mjini Butembo, hali alikuwa amekuja kuwasaidia wagonjwa. Ugonjwa ule ulimalizika tarehe 25 mwezi wa sita 2020. Wagonjwa walikuwa 3,470, na wafu 2,287. Lakini watu zaidi ya 300,000 walichanjwa, na chanjo hiyo iliwaokoa wengi.

Ebola ilikuwa haijaisha bado, na tazama, ugonjwa mwingine ukaja. Mwezi wa tatu 2020 shule zote za Kongo zilifungwa kwa ajili ya korona. Watoto wa mwaka wa kwanza walikaa nyumbani mpaka mwezi wa kumi. Hapo walikuwa wamejifunza herufi chache tu. Miezi saba ni mingi kwa mtoto wa miaka sita. Herufi zilianza kuwatoka kichwani, kama maji yanavyotoka katika kikapu.

Watoto wa mtaa mmoja walikumbuka msichana aliyewasaidia wakati ule. Alikuwa na umri kama wao, lakini alikuwa ameshika kusoma upesi. Kila mchana alikaa barazani kwao na kipande cha ubao na kaa la moto lililozimika. Aliandika «ma, me, mi», na wenzake walisoma kwa sauti. Aliyekosea hakumpiga wala kumcheka. Alimwambia tu: «Rudia.» Shule zilipofunguliwa, wale watoto walikuwa wanasoma.

Mwaka wa pili haukuwa na amani. Shule zilifungwa tena toka mwezi wa kumi na mbili 2020 mpaka mwezi wa pili 2021. Mwezi ule wa pili Ebola ilirudi pande za Butembo. Mara hii watu walikuwa wamekwisha kujua la kufanya. Wagonjwa walikuwa 12 tu, na sita walikufa. Tarehe 3 mwezi wa tano ugonjwa ulitangazwa kuwa umekwisha. Watoto waliandika katika karatasi yao: «Mara ya kwanza watu walikimbia ndoo ya klori. Mara ya pili waliitafuta.»

Nyumbani watoto hao husema Kinande. Darasani walianza na Kiswahili, baadaye walipewa Kifaransa. Kwa hiyo mtoto wa Bulengera hubeba lugha tatu katika mfuko mmoja. Katika mwaka wa tatu na wa nne wengi walilia kwa ajili ya Kifaransa. Mwalimu aliwaambia: «Mlango mpya hufunguka kwa nguvu, lakini ukizoea hufunguka kwa kidole.» Walizoea. Walijifunza pia kugawanya, kupima shamba, kuchora mto Kongo na matawi yake.

Mwaka wa sita ulipoanza, mwezi wa tisa 2024, mvulana mgeni aliingizwa darasani. Alitoka Kanyabayonga, upande wa kusini wa Lubero, ambao waasi wa M23 waliuteka mwishoni mwa mwezi wa sita. Yeye na jamaa zake walitembea siku nyingi. Hakuwa na daftari, wala shati jeupe, wala suruali ya buluu. Watoto wengine walikuwa wamefika Butembo zamani kuliko yeye, wakitoka pande za Beni, ambako mauaji ya watu wa vijijini yalianza mwezi wa kumi 2014. Hao walimpokea vizuri kuliko wote, maana walijua maana ya kulala katika nyumba ya watu.

Hapo watoto walidhani kwamba wamemaliza kazi. Mwalimu akaleta daftari la majina la mwaka 2019. Akaanza kuita, kama alivyofanya kila asubuhi. Wengine waliitika: «Niko!» Lakini majina mengi hayakuitikiwa. Majina ya 2019 yalijaza ukurasa wa mbele na wa nyuma. Walioitika walitosha ukurasa mmoja tu, hata mgeni wa Kanyabayonga akihesabiwa. Wengine walikuwa wamehama. Wawili walikuwa wamekufa. Wengine walikuwa wameacha masomo: mmoja alibeba mizigo sokoni, mwingine alikwenda kutafuta dhahabu, mwingine alilea wadogo zake.

Mwalimu akauliza: «Je, hao nao mtawaandika?»

Mvulana mmoja akasimama. Alisema: «Hapana, Mwalimu. Karatasi hii ni ya wale waliovumilia. Wazee husema: Asiyekuwepo na lake halipo.»

Wengi wakakubali. Kukawa kimya. Ndipo akasimama msichana mmoja aliyezoea kunyamaza. Alisema: «Mimi nilijifunza kusoma barazani, wakati wa korona. Yule aliyenifundisha hayumo humu. Aliacha shule katika mwaka wa nne, mama yake alipougua. Sasa anauza makaa kando ya njia. Ninapita mbele yake kila asubuhi na daftari langu. Ikiwa yeye hana sehemu katika karatasi hii, mimi nimepata wapi sehemu yangu?»

Hakuna aliyejibu. Yule mvulana aliinamisha kichwa, maana naye alikuwa mmoja wa wale waliosoma ubao ule wa makaa. Mwishowe akasema: «Tuwaandike wote. Na jina lake lianze.»

Waliwaandika wote. Mbele ya jina la kila mtu waliandika jambo moja jema alilolifanya darasani: huyu alikuwa na sauti nzuri, huyu aligawa mihogo yake, huyu alibeba ndoo ya maji. Walipofika kwa marehemu wawili walisimama kwanza, kisha wakaendelea.

Lakini kuandika si kutenda. Siku ya Jumamosi watoto sita walikwenda kwa muuza makaa, wakachukua madaftari yao ya mwaka wa nne na wa tano. Hakuwapokea kwa furaha. Aliwaambia: «Nimekuwa mkubwa. Nikirudi nitakaa na watoto wadogo, nao watanicheka.» Msichana mnyamavu akamjibu neno moja tu: «Rudia.»

Muuza makaa akacheka, kisha akafuta machozi kwa mkono mweusi wa makaa. Toka siku ile, kila Jumamosi, wawili wawili, walikaa naye kando ya njia. Alisoma katikati ya wanunuzi wawili. Shangazi yake alikubali kuuza makaa saa za asubuhi. Mkubwa wa shule alimjaribu kwa kusoma na kwa hesabu, akasema: «Aje.» Mwezi wa tisa 2025 aliingia mwaka wa nne. Alikuwa mrefu kuliko wote, akawekwa benchi la nyuma.

Wengine walio katika ukurasa wa nyuma hawajarudi. Karatasi ingali imebandikwa ukutani, na majina yao yamo. Watoto wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kusoma huyasoma kwa kidole, moja moja.

Maulizo

1. Kwa sababu gani watoto walijaa sana darasani mwaka 2019?
2. Watu walibadilika namna gani Ebola iliporudi mwaka 2021?
3. Msichana mnyamavu aliwezaje kushinda neno la wazee?
4. Je, katika darasa lenu kuna nani asiyeitika tena? Mnaweza kumfanyia nini?