Deni la Ziwa

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na walichokusudia ni malezi ya mtoto. Hawakumjua samaki anayekunjwa angali hai: yule aliyenunuliwa akiwa na urefu wa kidole, akatiwa katika tangi la kioo lenye urefu wa mkono, akakua humo hata ikawa hawezi kugeuka ila kwa kujipinda. Samaki huyo hana sauti ya kushtakia. Mapezi humsinyaa, rangi humfifia, chakula humkinai, na mwenyewe husema amepatwa na maradhi. Maradhi yake ni nyumba.

Mfano ulio karibu ni frontosa wa Ziwa Tanganyika, ambaye Boulenger alimwingiza katika vitabu vya elimu ya samaki mwaka 1906. Ni samaki wa heshima: ana milia myeusi juu ya mwili wenye samawati, mapezi marefu, na nundu kichwani ambayo huzidi kutuna kadiri umri unavyosonga. Huenda kwa utulivu wa mzee atokaye msikitini. Kwa haiba hiyo wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia humpenda, na dukani huuzwa akiwa mdogo, wa sentimita tano au sita. Lakini dume aliyekomaa hufikia kiasi cha sentimita 35, na akitunzwa vyema umri wake hupindukia miaka 20.

Kwao ni wapi? Ni ziwa lenye urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470, linalogawanywa na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Humo frontosa hukaa penye miamba, aghalabu chini ya mita 20. Wanaomkamata hai humpandisha hatua kwa hatua, kwa siku kadhaa, kwani akivutwa ghafla hewa iliyo katika kibofu chake humfura na kumuua. Basi tangu mkononi mwa mvuvi kiumbe huyu anadai subira. Na anayemnunua, ajue asijue, amejitwika kazi ambayo ziwa lilikuwa likiifanya bila ujira: kumpa pa kwendea, na kumwondolea uchafu wake.

Deni la kwanza ni nafasi. Kipimo chake si samaki aliyemo mfukoni leo, bali yule atakayekuwapo miaka mitano ijayo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54, na kwa frontosa ni korokoro. Tena yeye si mpweke. Hupenda kukaa jamii, dume mmoja na majike kadhaa. Jamii hiyo huhitaji tangi la urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60, yaani lita 648. Upana ni muhimu kuliko kimo, maana samaki hugeuka kwa upana, na hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 648. Ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, mzigo huelekea tani moja. Mwenye nyumba kongwe ya mawe, ambayo dari yake imebebwa na boriti za mikoko, hana budi kuliweka tangi chini na si ghorofani.

Deni la pili ni usafi, na hapa ndipo wengi hufilisika. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake, na kinyesi na mabaki ya chakula huiongeza. Ziwani amonia hiyo hutawanyika. Tangini hurudi kwenye matamvua yaleyale. Chujio lina kazi mbili ambazo wengi huzidhani moja. Ya kwanza ni kuokota taka zinazoonekana. Ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kuwa makao ya bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati. Nitriti nayo ni sumu. Nitrati ni hafifu, na huondolewa kwa kumwaga robo au theluthi ya maji kila wiki na kutia mapya. Bakteria hao huchukua kama wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha. Ndiyo sababu tangi lililojazwa asubuhi na kutiwa samaki jioni huwa na maji meupe yenye mauti ndani yake.

Kwa frontosa hatari ni maradufu. Maji ya Tanganyika yana alikali, pH yake ikikaribia 9. Katika pH ya 7 amonia iliyo katika umbo la sumu kali haifiki hata asilimia moja. Katika 9 hukaribia theluthi. Kwa hiyo wafugaji wake hutaka pampu iwezayo kuyapitisha maji yote chujioni mara nne au tano kwa saa, ambayo kwa lita 648 ni kati ya lita 2,600 na 3,200. Nambari ya kwenye boksi isiaminiwe mno, kwani maji yakipandishwa juu na sifongo ikijaa taka, mkondo hupungua. Na sifongo ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Klorini ya maji ya bomba huwaua bakteria walewale waliosubiriwa.

Kwa watu wa visiwani, matumbawe yaliyokufa yakipondwa na kuwekwa chujioni husaidia kuyahifadhi maji katika ugumu na alikali ampendazo samaki huyu. Lakini chujio huishi kwa umeme. Unguja ilikaa bila umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Pampu ikisimama kwa saa chache tu, bakteria huanza kufa kwa kukosa hewa. Asiye na akiba ya umeme afikiri mara mbili.

Mtungaji huchagua bahari yake kabla ya kuandika ubeti, kwa kuwa kisa kirefu kinachostahili utenzi hakienei katika beti mbili. Mfugaji naye achague bahari kabla ya samaki. Na wapo samaki ambao bahari yao haipatikani nyumbani. Kuhe, ambaye watu wa Kigoma humjua kwa chakula, ni wa jamaa moja na frontosa na hufikia sentimita 80. Kumwacha ziwani ndiko kumpenda.

Mwenye nafasi ndogo hakunyimwa. Ziwa hilohilo lina samaki wasiozidi sentimita tano, ambao huishi na kulea ndani ya makombe matupu ya konokono, kila mmoja akililinda lake kwa ukali wa simba. Kundi zima hutosheka na tangi la sentimita 60, mchanga, makombe na chujio dogo la sifongo. Lita 54 zilizomdhulumu frontosa, kwao ni nchi.