Gome la Muthiga

Wanubi husema kwamba jina la Kibera katika lugha yao, Kibra, maana yake ni msitu. Siku hizi mabati yameenea, lakini Msitu wa Ngong ungali jirani, wala dawa ya msituni haijatutoka. Mimi nimelelewa kwa gome la muthiga, ambalo Wamasai huliita osokonoi. Huwasha ulimini kama pilipili. Mama alitupatia tulitafune kwa jino bovu na kwa kikohozi. Tumbo likiuma, alilichemsha. Sisemi kwamba ni upuuzi, maana wataalamu wamelichunguza wakaona lina nguvu ya kuua baadhi ya vijidudu. Lakini miti mingi imechunwa pande zote ikafa, na gome limekuwa adimu.

Mwaka 2019 mwanangu wa miaka miwili alishikwa na kikohozi. Nilinunua unga huko Kawangware, umefungwa katika karatasi isiyo na jina wala kipimo. “Mpe kijiko, baba,” mwuzaji akaniambia. Kijiko kipi? Sikuuliza. Siku tatu nilimnywesha, na alipotapika nikadhani uchafu unatoka. Usiku wa nne mbavu zake zilibonyea kila apumuapo. Daktari alisema ni kichomi, akauliza tumempa nini. Niliona haya, nikanyamaza. Mke wangu ndiye aliyesema. Mtoto alipona kwa sindano.

Baadaye nilimpelekea mama unga uliosalia. Akaunusa, akauonja, akangoja.

“Mwanangu,” akasema, “huu hauwashi hata kidogo.”